Kufufua Gari la Kale: Kila Kipuri Kina Mwaka Wake na Njia Yake

Msafiri atokaye Kampala kwenda mashariki, akisha kuvuka Mto Nile kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, huingia mji wa Jinja. Katika barabara kuu ya mji huo zingali zimesimama nyumba za maduka zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi zamani za ukoloni, na juu ya paji la baadhi ya nyumba hizo umeandikwa mwaka wa kujengwa. Mpita njia akiinua macho huujua umri wa nyumba bila ya kumwuliza mtu. Laiti kila kitu cha kale kingekuwa na mwaka wake usoni namna hiyo, makala haya yasingekuwa na haja.

Sisi tulikwenda Jinja kutazama gari. Halikuwa lori la jeshi wala gari la doria, ambayo wasomaji wetu wanayajua kutushinda, bali gari dogo la spoti lenye milango miwili na viti viwili, aina ya Datsun 240Z. Mwenye gari ni sajini mstaafu wa polisi aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za magari. Ametuomba tusimtaje jina. Tulilikuta gari limekwisha kunyooshwa bati na kupakwa rangi, na injini yake ikinguruma vizuri. Lakini ndani lilikuwa tupu kama nyumba iliyohamwa. Viti havikuwamo, zulia halikuwamo, na nyaya zilining'inia mahali pa dashibodi.

Tulimwambia kwamba, kwa kadiri tuonavyo, kazi kubwa imekwisha. Mzee alicheka. "Sasa ndiyo inaanza," alisema. "Nje nilimwachia mpaka rangi. Ndani ndiko anakoketi mtu, na ndiko wanakokosea wengi. Hata mimi nimekosea."

Makosa yake, na jinsi alivyoyasahihisha, ndiyo tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu. Maana ndani yake kuna mafunzo ya ufundi, na kuna funzo moja zaidi ambalo ni la askari hasa.

GARI LENYEWE

Kiwanda cha Nissan cha Japani kilianza kuliuza gari hili mwaka 1969. Nyumbani kwake liliitwa Fairlady Z, na katika nchi za nje likaitwa Datsun 240Z. Injini yake ina silinda sita zilizosimama katika mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Lilikuwa jepesi, lenye mbio, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya magari mengi ya Ulaya ya namna yake.

Lakini Afrika ya Mashariki haikulijua kwa bei, ililijua kwa vumbi. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 ushindi ulichukuliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, katika gari la aina ile ile. Mwaka huo Mehta alilingana alama za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mwendo mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Alifariki mwaka 2006. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan katika ghala lao la magari ya kihistoria huko Zama, Japani.

Basi si ajabu kwamba mtu wa Jinja akipata 240Z moyo humdunda. Na hapo ndipo jaribu la kwanza huanzia. Anayefufua gari kama hili hutamani kulivalisha nguo za mashindano: vyuma vya kulinda paa, taa ya msomaji ramani, kipima mwendo cha Halda kutoka Uswidi kama walivyotumia madereva wa miaka ile, na kishikio cha mkono mbele ya abiria. Hakuna ubaya, mradi mtu ajue anachokitengeneza. Gari la mashindano ni gari moja, na gari lililotoka dukani kwenda nyumbani kwa mteja ni jingine. Kuyachanganya mawili hayo ni kama kuvaa kofia ya kikosi hiki na mkanda wa kikosi kile. Kila kimoja chaweza kuwa halali na kizuri peke yake, lakini mkaguzi hatampitisha aliyevaa hivyo.

Gari la sajini wetu halikushindana hata siku moja. Nyaraka zake zaonyesha kwamba liliandikishwa mwaka 1972, likatembea kati ya Jinja na Kampala, na kwa hiyo aliamua kulirudisha kama lilivyokuwa siku ile, wala si zaidi.

KUUJUA MWAKA WA KUZALIWA

Kabla ya kununua hata parafujo moja, hapana budi mtu aujue mwaka wa gari lake. Si mwaka wa kuandikishwa tu, bali mwaka wa kutengenezwa, maana gari laweza kukaa melini na dukani miezi mingi. Katika 240Z namba ya chasisi imepigwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria. Magari yenye usukani wa kulia yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje yana namba inayoanza na herufi HS30. Namba hiyo ilinganishwe na kitabu cha umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Polisi wa usalama barabarani hawana haja ya kufundishwa jambo hili, lakini mafundi wengi hulisahau.

Kwa nini mwaka una uzito hivyo? Kwa sababu kiwanda hubadili mambo bila ya kubadili jina. Mfano ulio wazi uko nyuma ya gari. Magari ya kwanza ya 240Z yalikuwa na matundu ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma. Baadaye matundu hayo yakahamishiwa ubavuni, nyuma ya madirisha, yakafunikwa na nembo ya duara yenye herufi Z. Nyaya za kuondoa ukungu katika kioo cha nyuma zilikuwa wima hapo mwanzo, kisha zikalazwa. Ndani nako kulibadilika: viti, na mpangilio wa vitu katika kisanduku kilicho kati ya viti, havikubaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha ikaja 260Z, ambayo kwa mbali ni ndugu wa toka nitoke, lakini dashibodi yake na kisanduku chake cha katikati si vile vya 240Z.

Mlinzi wa ghala la silaha ataelewa upesi. Bunduki mbili zaweza kuitwa jina moja, na bado sehemu ya hii isiingie katika ile kwa kuwa ni za toleo tofauti. Na pengine ikaingia kwa kulazimishwa, jambo ambalo ni baya zaidi.

SAFARI YA KWANZA YA MBALE

Sajini alipoanza kazi ya ndani alishika njia ya Mbale. Alipita Iganga, akakata kushoto Nakalama, akafuata barabara ya Tirinyi kupitia Namutumba na Budaka, mpaka mlima Wanale ukasimama mbele yake kama ukuta. Mjini Mbale alikuwa na rafiki fundi wa viti, na aliambiwa kwamba kuna wauzaji wa vipuri vya kale. Alirudi Jinja jioni na vitu vitatu, na moyo mweupe. Vyote vitatu, asema leo, vilikuwa makosa.

Cha kwanza kilikuwa dashibodi ya 260Z, nzima, isiyo na ufa. Dashibodi ya gari lake mwenyewe ilikuwa imepasuka mahali pengi. Huu ni ugonjwa wa magari haya ulimwenguni kote: dashibodi ni kipande kimoja cha sifongo kilichovikwa ngozi ya plastiki, na jua likiipiga miaka hamsini kupitia kioo cha mbele, ngozi hukauka, ikajikunja na kupasuka. Sajini aliiona ile ya 260Z akasema, "Hii ni nzima, ile ni mbovu." Alipoijaribu, baadhi ya nafasi zilikubali, nyingine zikakataa, na kile kisanduku cha katikati hakikukutana nayo. Ilibaki ama kukata dashibodi, ama kukata gari. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kushika msumeno.

"Namshukuru Mungu umeme ulikatika," mzee alituambia. "Usiku ule nikawaza."

Siku ya pili aliirudisha ile yake ya zamani mezani. Nyufa zilifunguliwa kwa uangalifu, sifongo iliyooza ikatolewa, pakajazwa kijazio kinachonyumbuka, pakapigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Ukiitazama kwa karibu utaona makovu. Lakini matundu yake yote yako mahali pake: mita ya mwendo na mita ya mizunguko ya injini mbele ya dereva, na katikati geji tatu za mviringo, moja ya mafuta ya injini na joto la maji, moja ya umeme na petroli, na ya tatu saa.

Hapa pana kanuni ambayo polisi watatuelewa tukiitaja kwa lugha yao. Kipuri kibovu cha asili ni ushahidi. Kinaonyesha kipimo, rangi, matundu na mshono. Anayekitupa kabla ya kazi kwisha ameharibu ushahidi, na tangu hapo kila atakachofanya kitakuwa ni kubahatisha.

NGOZI YA NG'OMBE NA NGOZI YA PLASTIKI

Kosa la pili lilikuwa la viti. Sajini alinunua viti viwili vya gari la Kijapani la siku hizi, vyenye mito minene na migongo ya kukunjika. Vilikuwa vizuri kukalia. Lakini viti vya 240Z ni vyembamba, vina mgongo mrefu ulioungana na mahali pa kuegemeza kichwa, na mtu huketi chini karibu na sakafu huku akinyoosha miguu mbele. Kwenye viti vile vipya mzee alijikuta kichwa kinagusa paa. Gari liliundwa pamoja na viti vyake, na paa likapimwa kwa kiti kile, wala si kwa kingine.

Akarudi kwenye vyuma vya viti vya asili vilivyokuwa vikishika kutu nyuma ya nyumba. Mtu fulani zamani alikuwa amevivika kitambaa cha maua. Fundi wa Mbale alipokifungua aligundua, chini kabisa mahali kitambaa kinapokunjiwa kwenye chuma, ukanda mwembamba wa ngozi ya plastiki nyeusi yenye chembechembe ndogo. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo ya kwanza ya kiti. Vivyo hivyo chini ya reli za viti kilipatikana kipande cha zulia ambacho jua halikukifikia, kingali na rangi yake. Nyuma ya kibao cha mlango, chini ya kizingiti, ndani ya mikunjo: humo ndimo gari hutunza siri ya ujana wake. Anayetaka kujua rangi ya asili asitazame panapoonekana, atazame pasipoonekana.

Ndipo likazuka jaribu jingine, tena la heshima. Jinja ni mji wenye historia ya kutengeneza ngozi, na rafiki mmoja akamshauri mzee avishe viti ngozi halisi ya ng'ombe. "Ni bora kuliko plastiki," alisema. Hakukosea, kwa kiatu, kwa mkanda, na kwa ala ya kisu, ngozi ni bora. Lakini gari hili lilitoka kiwandani na ngozi ya plastiki, na ambaye amelivika ngozi ya ng'ombe amelipa cheo ambacho halikuwa nacho. Kulipandisha gari hadhi ni kulisingizia, sawa na kulishusha.

Fundi aliifanya kazi kwa utaratibu ambao tungependa wengine wauige. Kwanza alipiga picha kila upande. Pili alihesabu mishono kwa kila inchi na kuandika. Tatu hakukata, bali alifumua uzi kwa uzi, akavilaza vile vipande vya zamani juu ya meza na kuvitumia kama ruwaza. Kisha alitafuta ngozi ya plastiki yenye chembechembe zinazofanana, akaipeleka nje juani na kuilinganisha huko, si chini ya taa ya dukani. Kwa kile kibonge cha bati kinachopita kati ya viti, ambacho katika 240Z huvikwa ngozi ya plastiki yenye mishono ya almasi, alishona almasi moja ya majaribio kwanza, akaipima, ndipo akaendelea.

USUKANI, NA DARAJA TATU ZA VIPURI

Kitu cha tatu kilichotoka Mbale kilikuwa usukani mdogo wa kisasa, mnene na mwekundu. Usukani wa 240Z ni mkubwa, una mikono mitatu ya chuma, na duara lake ni jembamba lenye sura ya mti. Sajini aliutoa ule mwekundu siku tatu tu baada ya kuufunga.

Hata hivyo alitufundisha tofauti moja ambayo yafaa kuikumbuka. Vipuri vya ndani vina daraja tatu. Daraja ya kwanza ni kile kilichotoka kiwandani pamoja na gari. Daraja ya pili ni kile ambacho hakikutoka kiwandani, lakini mwenye gari wa miaka ile angeweza kukinunua dukani na kukifunga. Kwa mfano usukani wa Nardi au wa Momo wa Italia uliotengenezwa wakati ule. Huo si wa asili, lakini ni wa zama zake. Daraja ya tatu ni kitu cha leo, hata kikitengenezwa kwa sura ya zamani. Mtu mwaminifu aweza kutumia daraja yoyote kulingana na mfuko wake, ila asikiite cha daraja ya tatu kwa jina la daraja ya kwanza, hasa siku ya kuuza.

Kanuni hiyo yaihusu redio pia. Redio za miaka ile zilikuwa na vifundo viwili na sindano ya kutafutia stesheni. Mwenye kutaka redio ya kisasa aifiche chini ya kiti, lakini asiitanue nafasi ya dashibodi kwa kisu. Kilichofungwa kwa parafujo chaweza kufunguliwa kesho. Kilichokatwa kimekatwa.

Na lipo jambo moja ambalo zama zake hazifai kuheshimiwa. Ukanda wa usalama wa mwaka 1972, ambao jua na jasho vimeula kwa nusu karne, si kumbukumbu, ni mtego. Hapo sajini hakusitasita. Alifunga mikanda mipya mieusi, imara, katika vishikizo vilivyokaguliwa. Nyaya za umeme ambazo gamba lake limekuwa gumu na kupasuka nazo alizibadilisha zote. Uaminifu kwa gari usimwue mwenye gari.

SAA

Sasa tumefika kwenye saa, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya.

Kila kitu kilipokuwa karibu kutimia, geji moja tu ilikuwa na kasoro. Saa ya gari ilikuwa imesimama, na kioo chake kilipasuka. Saa za magari haya zinajulikana kwa kusimama. Mzee aliitafuta nyingine kwa miaka miwili. Siku moja aliitwa Mbale. Kijana mmoja muuza vipuri alikuwa nayo, imefungwa katika gazeti: uso mweusi, namba nyeupe, kioo safi, ya toleo lile lile. Kijana aliiunganisha na betri, na mshale ukaanza kwenda.

Mzee alikwisha kutoa pesa mfukoni. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, akauliza: "Imetoka wapi, kijana wangu?"

Kijana hakuficha, pengine kwa kuwa hakujua anazungumza na nani. Alijibu kwamba saa ile ilitolewa katika gari lililokaa muda mrefu katika uwanja wa kituo kimoja, likisubiri kesi. "Usiogope, mzee," alisema. "Mwenyewe hayupo."

Sajini aliiweka saa juu ya meza, akarudisha pesa mfukoni, akatoka. Hata hivyo hakuishia hapo. Alimtafuta afisa mwenye dhamana, akamweleza alichokiona na alichokisikia, ili gari lile likaguliwe na saa irudishwe mahali pake. Sisi hatutaji kituo wala kijana, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu.

Tulimwuliza mzee kwa nini neno la kijana lilimchoma hivyo. Alituonyesha barua kuukuu iliyokaa ndani ya kitabu cha umiliki wa gari lake. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Kiasia wa Jinja. Tarehe 4 Agosti 1972, mbele ya wanajeshi kule Tororo, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku 90, ukaisha tarehe 8 Novemba. Shekhar Mehta mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioondoka, na ushindi wake wa mwaka 1973 aliupata akiwa amehamia Kenya. Yule mfanyabiashara wa Jinja, kabla hajaondoka, alimwuzia gari karani wake kwa bei ndogo, akaandika barua kwa mkono wake: jina la gari, namba ya chasisi, kiasi cha pesa, na sahihi za watu wawili. Miaka mingi baadaye watoto wa karani wakamwuzia sajini, na barua ikaja pamoja na gari.

Wengi hawakuwa na bahati ya barua. Nyumba, maduka na magari yalichukuliwa, na baadhi ya waliochukua walivaa sare. Neno walilolisema lilikuwa hilo hilo: mwenyewe hayupo. Iliundwa bodi ya kusimamia mali zilizoachwa, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuzirudisha, na kazi hiyo ikachukua miaka mingi ya mabishano. Kitu ambacho kuchukuliwa kwake kulihitaji dakika moja kilihitaji miaka mingi ili kirudi.

AMANA

Ndugu askari, gari lililo katika uwanja wa kituo, au katika kambi, likingoja kesi au likingoja mwenyewe, ni amana. Redio yake ni amana, kiti chake ni amana, hata kitasa cha mlango. Haidhuru gari liwe kuukuu kiasi gani. Bali kadiri lilivyo la kale ndivyo kila kipande chake kilivyo vigumu kupatikana tena. Likipokewa, na iandikwe orodha ya vilivyomo ndani: viti vingapi, geji zipi, redio ya namba gani, na pande zote mbili zitie sahihi. Orodha hiyo humlinda mwenye mali, na humlinda askari mwaminifu asije akashukiwa kwa kosa la mwingine.

Nanyi mnaopenda magari ya kale, ambao tumegundua kwamba si wachache katika vikosi, msinunue kipuri bila ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: kimezaliwa mwaka gani? La pili: kimepita mikono ya nani? Ombeni risiti yenye jina la muuzaji, maelezo ya kipuri na namba iliyopigwa juu yake ikiwa ipo. Ulizeni kimetoka katika gari lipi, na kitabu cha gari hilo kiko kwa nani. Kipuri chaweza kuwa cha mwaka ule ule, cha toleo lile lile, na cha rangi ile ile, na bado kisiwe sahihi. Mnunuzi asiyeuliza ndiye anayempa mwizi mshahara.

Siku ya mwisho ya ziara yetu tulipanda gari lile pamoja na mzee kwenda Mbale, kumshukuru fundi wa viti. Tuliketi chini, miguu imenyooshwa, juu ya ngozi ya plastiki nyeusi iliyoshonwa kwa mishono iliyohesabiwa. Dashibodi ilikuwa na makovu yake, na usukani mwembamba ulitetemeka kidogo tulipovuka bwawa la Mpologoma. Katika geji ya tatu ilikuwamo saa ile ile ya zamani. Mtengeneza saa mmoja wa Mbale, si mbali na mnara wa saa wa mji, aliwahi kuifungua, akaisafisha na kuitia mafuta. Ilikwenda kwa juma moja, kisha ikasimama tena saa kumi na dakika kumi. Ufa wa kioo bado upo.

Fundi wa viti alipotupokea aliinama dirishani, akaiona. "Afande," alisema, "gari zima limepona, ila saa. Huioni haya?"

Mzee alikunja mkono wa shati lake, akamwonyesha saa ya mkononi.

"Wakati ninaujua," alijibu. "Na hii iliyosimama ni yangu."